Mshipi Usiokatika

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi, hapo Kalundu, bandarini kando ya ziwa, baba alipoleta nyumbani mshipi mpya kutoka Bujumbura. Wavuvi wote tuliowajua walitumia mshipi wa nailo, ule usioonekana majini, ambao sangala mkubwa akichachamaa anaukata. Huu wa baba ulikuwa mweusi, wa kusukwa, na ukiuvuta kwa mikono miwili ni wewe unayeumia.

Tate, bibi yangu mzaa baba, aliujaribu, kisha akaurudisha haraka.

"Hii haiko ya kupeleka ku ziwa."

"Mama, masangala ngapi yamenikimbia juu ya nailo? Hii haikatike."

"Njo maana naogopa. Mushipi unapashwa kukatika."

Kwa Tate jambo lilikuwa wazi. Mbele ya bandari, pale ziwa linapozama ghafla, kuna mwenyewe, mwenye ziwa, na siku nyingine hula chambo cha mtu ili amjue. Nailo ikikatika, umemwacha aende zake, naye amekuacha. Mshipi usiokatika unawafunga pamoja. Watoto tulikatazwa kumtaja, na hata leo, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, naona aibu kusema kwamba jina lake siliandiki.

Baba alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na nilimpenda kwa hilo. Asubuhi aliingia ziwani peke yake, mshipi ameufunga kwenye ubao wa kukalia wa mtumbwi ili usimkate mikono.

Mchana upepo ulivuma, mitumbwi mingine ikasukumwa huku na huku, lakini wa baba haukusogea. Ulikuwa umeinama upande mmoja. Haukuwa mbali, kwa kuwa hapo kina kinaanza karibu na mawe ya ufukoni, tulipokuwa tumesimama. Baba mdogo alipiga kasia mpaka pale, akachungulia ndani.

"Hayuko," akatuita. "Mushipi ungali umekaza."

"Uvute," mama akasema.

"Kata," akasema Tate.

Baba mdogo aliwatazama wote wawili, kisha akatoa kisu. Mtumbwi ukanyanyuka, ukaanza kuelea upande wa Mulongwe. Mwili wa baba haukuonekana kamwe.

Kalundu nzima ilisema Tate alijua, na walimheshimu kwa hilo mpaka alipokufa. Mimi namwamini nusu, na nusu hiyo inatosha kunizuia kuoga ziwani. Lakini mama hakumsemesha tena, ingawa walipika kwenye jiko moja miaka yote. Nilidhani anamlaumu kwa kutamka maneno mabaya yakatimia. Nimeolewa, nimezaa, ndipo nikaelewa. Siku ile Tate alikuwa akimfikiria yule aliyemeza chambo. Mama alikuwa akifikiria mikono ya mume wake, kwamba huenda huko chini ilikuwa bado imeushika mshipi.