Ukuta Mkavu

Nakumbuka siku tuliyokandika nyumba yetu Temeke, enzi za Mwingereza, maana ndiyo siku niliyoihama. Majirani walikanyaga udongo, mie nikichota maji kisimani. Mwezi ule damu ilichelewa nikatumaini. Asubuhi hiyo ikaja, kama ilivyokwisha kuja kabla. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wa yule asiyefika kuzaliwa, mwanangu, naujua mie.

Shangazi wa mume wangu alinitazama usoni akajua. Akasema mbele ya watu, "Sefu, nyumba tunakukandikia, ya kumlaza nani? Mkeo mimba hazimkai."

Wengine walicheka. Sefu aliinamia ndoo.

Bi Mwanahawa, mkunga wa mtaa, alitupia bonge la udongo ukutani. Likaporomoka.

"Mbona na huu haukai, mwenzangu?" akamwuliza shangazi. "Ukuta una nuksi?"

"Ukuta mkavu huo. Haujaloweshwa."

"Na wa kuulowesha ni nani, ukuta wenyewe?"

Nilimngojea Sefu aseme neno, lolote. Hakusema. Jioni alinibebea sanduku mpaka kwetu Kinondoni, na talaka ikafuata.

Tangu hapo nimehamahama: Tanga, Lindi, Tabora. Sekondari niliisoma ukubwani, na huko mwalimu akatuchorea mfuko wa uzazi ubaoni. Yai likishatoka, alisema, pale lilipotoka hutengenezwa homoni, ujumbe unaosafiri ndani ya damu. Ukifika, ukuta wa mfuko hunenepa, hulainika, hujaa damu. Mimba changa nayo hutuma ujumbe wake, ukuta ukaitikia, ikajishika. Ujumbe ukipungua au ukichelewa, mimba hukuta ukuta haujawa tayari, ikapita. Mara nyingine hata daktari hajui kwa nini.

Nilingoja ataje kosa la mwanamke. Akafuta ubao.

Maji yakimwagika hayazoleki, wala simtafuti Sefu. Lakini wewe, mwana wa kaka yangu, unaoa mwezi ujao, ndiyo maana nimekuja. Mimba ikipita, usimtafute mkosaji nyumbani mwako. Mkeo hauamrishi ujumbe ule, kama usivyouamrisha moyo wako upige. Kaa naye. Nendeni hospitali wawili, si yeye peke yake. Na siku shangazi zako watakapoanza kusema, mie nikiwa mmoja wao, usiinamie ndoo.

Mungu akupe watoto. Akikunyima, akuachie mke, na akupe ulimi wa kumtetea.