Ile Moja Aliyomwekea Dada

Dereva wa basi namba tisa tulimwita Dakika. Abiria wakinung'unika aligeuza shingo na kusema, "Dakika moja tu, jamani, wenzenu wako kwenye ngazi." Moja yake ilikuwa mbili, wakati mwingine tatu.

Mimi nilikuwa mkagua tiketi pale juu, kwenye mlango wa stesheni. Treni ikichelewa, nilisogea ukingoni mwa ngazi za kushukia kituo cha basi nikanyoosha mkono. Yeye, chini kituoni, aliuona kwenye kioo cha pembeni akasubiri. Miaka kumi na sita tulifanya hivyo bila kuandikiana popote. Basi lilikuwa hilo hilo moja, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, na aliyeachwa alikaa kituoni saa nzima.

Kisha wakubwa wakafunga mtambo ndani ya mabasi. Ukichelewa kuondoka, ofisini wanajua. Mara tatu kwa mwezi, unasimamishwa kazi. Nilisema wakati ule na nasema leo: aliyebuni sheria ile hajawahi kushuka ngazi zile na mzigo. Dakika alikuwa na mke na watoto wanne. Mwezi haujafika katikati, alikuwa amebakiwa na mara moja tu ya kuchelewa bila kusimamishwa.

Wakati huo mama yake alikuwa hoi, amelazwa nyumbani kwa Dakika, karibu na kituo cha mwisho cha basi lile. Siku tatu alimwulizia binti yake, dada mkubwa wa Dakika, aliyeishi upande wa pili wa jiji. Asubuhi moja Dakika alipanda ngazi kunifuata, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Dada anakuja na treni ya saa tano," aliniambia. "Ikichelewa, ninyooshee mkono. Hiyo moja nimemwekea yeye."

"Na ya saa nne?"

"Ya saa nne usininyooshee, kaka. Leo sioni mtu."

Treni ya saa nne ikachelewa dakika mbili. Nilikuwa nimekubali, lakini watu walipomiminika, na mbele yao mama mmoja mtu mzima amevua viatu ili akimbie vizuri, mkono ulinyanyuka wenyewe. Taa za breki za basi ziliwaka, zikakaa kidogo, zikazimika. Basi likaondoka.

Nilishuka kumpa pole yule mama. Alikuwa amesimama barabarani, viatu mkononi.

"Dereva yule ni mdogo wangu," alisema akihema. "Jirani yake alinipigia alfajiri, akasema niwahi. Nimempigia mwenyewe, hapokei."

Hakupokea kwa sababu akiendesha simu yake huwa mfukoni, imezimwa sauti. Teksi mbili za pale zilikuwa zimeshachukuliwa na walioachwa wenzake. Nikamketisha kwenye benchi.

Saa tano kasoro Dakika alirudi. Alikuwa amepita nyumbani mara moja, mama akamwuliza kama binti yake amefika, naye akamjibu kwa furaha kwamba anakuja na treni inayofuata. Alipomkuta dada yake kwenye benchi, alitazama viatu vyake, kisha akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa vile. Treni ya saa tano iliingia kwa wakati wake. Ile moja haikuhitajika.

Walipofika nyumbani, mama yao alikuwa amekata roho robo saa iliyopita.

Baada ya mazishi, mwezi mpya ulipoanza, Dakika alirudi kazini. Treni ya kwanza iliyochelewa sikunyoosha mkono, nilimwogopea. Akasubiri hivyo hivyo. Ya pili akasubiri, ya tatu pia, na kabla mwezi haujaisha walimsimamisha. Nilimwendea nyumbani nikamwambia mambo ambayo watu huambiana, kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba hata dada yake hamlaumu.

"Najua hanilaumu," alisema. "Siku ile ile alinishika bega akaniambia, 'Ungejua ni mimi, ungesubiri.' Alitaka kunifariji."

Akajifuta uso kwa kiganja.

"Kaka, mkono wako niliuona. Nilijua kuna mtu anakimbia."