Mstari wa Pili wa Bango

Baba mdogo wangu ni mchora mabango, na hagusi brashi kabla hajamsomea mteja maneno yake kwa sauti, ili kosa lipatikane mapema.

Jiji liliponunua kile kiwanja kitupu nyuma ya karakana yake, kisije kikajengwa maghorofa, alishangilia kuliko sisi sote. Wanawe walijifunzia baiskeli pale. Wiki iliyofuata afisa wa jiji akamletea maneno ya bango. Baba mdogo akavaa miwani, akasoma mpaka wapita njia wakasimama: “Eneo la wazi, mali ya umma. Ni marufuku kuingia.”

Akarudia. Kosa halikuwepo, yaani ndivyo walivyotaka!

“Huo umma ni nani?” akafoka. “Ni wewe na mkeo?”

“Mzee, wewe andika tu. Tunahifadhi nyasi.”

“Nyasi! Miaka yote hiyo tunazikanyaga, zimekwenda wapi?”

Akauandika mstari wa kwanza kwa herufi kubwa, kisha akamkabidhi afisa brashi.

“Huo wa pili andika mwenyewe. Halafu watoto wakitoka shule, simama pale uwasomee kwa sauti.”