Mbuzi wa Mzee Apolinary

Kokushubira alihamia Bugene baada ya shemeji zake wa Nyakakika kumwondoa kwenye kibanja cha marehemu mumewe, eti mwanamke haachiwi migomba. Akapanga kwa Mzee Apolinary, muumini wa benchi la mbele ambaye, nadhani, kila Jumapili alimwomba Mungu wapangaji wapole.

Alichokiita chumba kilikuwa banda lenye mlango. Kokushubira, aliyekuwa akiuza katogo, ndizi zilizopikwa na maharage, mjini Kayanga, alizikandika kuta kwa mikono yake, akasawazisha sakafu, akachimba mfereji wa maji ya mvua. Mzee alipita akimsifu: "Mwanangu, jisikie uko kwako."

Kuta zilipokauka tu, akaja na habari nyingine. "Kijana wangu anarudi kutoka Mwanza. Nakihitaji chumba."

"Shikamoo, baba. Kodi yangu haijaisha. Ngoja basi mvua zipite."

"Marahaba. Mvua ni za Mungu. Nyumba ni yangu."

Kesho yake Kokushubira alirudi kutoka kazini akakuta mlango umeng'olewa na mbuzi wa mzee wamelala kitandani pake. Mmoja alishuka alipomwona. Alikuwa na haya kuliko bwana wake.

Kokushubira hakulia. Aliwafunga kamba akawaswaga hadi sebuleni kwa mzee, ambako jumuiya ilikuwa imekusanyika kusali.

"Baba, wageni wako hawa walipotea njia."

Mbuzi wakavamia maua ya mezani. Waumini wakainamisha vichwa kuficha kicheko, na mzee akatoa neno ambalo halimo katika kitabu chochote cha sala. Baadaye walimcheka mzee mpaka barabarani, kisha kila mmoja akaenda kwake akafunga mlango. Hakuna aliyeuliza mama wa watu angelala wapi.

Aliyempokea ni Ingabire, kibarua wa mashamba ya kahawa, ambaye chumba chake kinatosha mkeka na sufuria. Kijana wa Mwanza hakuonekana. Chumba alipewa karani mmoja, anayewasifia wageni wake kuta zilivyo laini.

Juzi Kokushubira alionyeshwa chumba kingine chenye matundu ukutani. "Ukiyaziba utakaa raha," mwenye nyumba akamwambia.

"Yazibe wewe kwanza."

Akanyimwa chumba, kwa kosa la kiburi. Bado yuko kwa Ingabire, na mwenye nyumba wa Ingabire ameanza kunung'unika kwamba watu wawili wanamchakazia sakafu. Sakafu yenyewe ni ya udongo.