Mikono ya Bibi na Mdomo Wangu

Bibi yangu wa Korogwe ya Zamani ndiye aliyekanda unga wa maandazi kila harusi ya mtaa wetu. Hakuna aliyemwomba, beseni liliwekwa mbele yake tu. Siku nyingine alitengeneza achari, akikamua ndimu kwa mikono mitupu uani, juani, nami naipeleka Mombo kuwauzia abiria wa mabasi.

Mwaka ule mikono yake ikaota madoa ya kahawia, mengine meusi kabisa. Tangu serikali iruhusu biashara huria maduka yalijaa krimu za kujichubua, kwa hiyo majirani wakasema kizee kaanza urembo. Wengine walitaja ukoma, kwa kunong'ona.

Mimi, bingwa wa utani wa kidato cha pili, nikaona hapa pana kicheko. Harusini kwa jirani, akina mama wamezunguka beseni, nikapaza sauti: "Kuleni bila wasiwasi! Kidole kikidondokea kwenye andazi, hiyo nyama ya bure!"

Walicheka. Bibi naye alicheka. Kisha mama mwenye shughuli akasema kwa upole, "Mama, hebu pumzika. Watoto watakanda."

Bibi akainua mikono, unga umegandia, akaitazama kama si yake. Njiani hakunigombeza. Bora angenizaba kibao.

Nikampeleka zahanati. Mganga akamwuliza kazi zake, kisha akasema, "Ndimu ikikukaukia mikononi ukiwa juani, ngozi inaungua, inabaki na madoa. Haya madogo ni ya umri na jua la miaka mingi. Hayaambukizi. Kamulia kivulini, unawe kwa sabuni."

"Na ukoma?" nikauliza.

Akamgusa doa kwa pamba. "Doa la ukoma mara nyingi linakufa ganzi. Bibi, unasikia?"

"Nasikia, mwanangu, sijafa."

Nikazunguka mtaa mzima. "Shikamoo mama, ni ndimu na jua tu, mganga kasema!"

Wakashika mbavu. "Ndimu! Wewe mtoto utatuua!" Mama yule wa harusi akaniomba nirudie ili wageni wake wasikie. Nikarudia neno kwa neno, machozi yakinilenga. Wakasema siku hizi naigiza vizuri zaidi.

Leo kuna harusi nyingine, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Bibi amekata kucha, amevaa kanga mpya, amekaa mlangoni tangu asubuhi. Beseni limeshapita mbele yake, halikusimama.