Mkuu Aliyepata Sifuri

Miaka kumi na minne karani yule alijaza fomu ya aina moja, hadi wenzake wakambandika jina la Mama Fomu. Ofisi yao iliwafuatilia watu waliotoka jela kwa makosa ya kingono. Fomu ilitoka kwa watafiti wa uhalifu: Ana umri gani? Amehukumiwa mara ngapi? Amewahi kuishi na mwenza? Kila jibu lilikuwa na alama, na jumla ilionyesha uwezekano wa mtu kurudia kosa.

Mkuu wa ofisi aliipenda fomu ile kuliko tai zake. Wageni wakija, alijijazia mwenyewe mbele yao. "Nina miaka hamsini na mbili, nimeoa, mahakamani sijakanyaga. Sifuri!" Wageni wakapiga makofi.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, Mama Fomu alimkuta binti wa mafunzo kazini amejibanza nyuma ya kabati la mafaili, kifungo cha blauzi kimekatika.

"Nani, mwanangu?"

"Mkuu. Aliniita nikachukue ripoti, akafunga mlango."

Mama Fomu akamshika mkono, akampeleka hadi kwa afisa utumishi. Yule bwana akavaa miwani, akachomoa fomu, akaijaza taratibu kwa habari za mkuu.

"Mama, anapata sifuri," akasema kwa sauti ya msibani. "Sayansi haina upendeleo."

Damu ikamchemka Mama Fomu. Alirudi kabatini akatoa barua tatu za mabinti waliotangulia kumlalamikia mkuu, zote zikiwa na muhuri wa "Imepokelewa". Muhuri aliugonga yeye. Barua alizipanga yeye, kwa tarehe, vizuri kabisa.

Chini ya fomu palikuwa na namba ya simu ya mtafiti aliyeitunga. Akapiga.

"Fomu ile ni ya waliokwisha hukumiwa tu," mtafiti alishangaa. "Haiwezi kumsafisha mtu ambaye hajashtakiwa. Nendeni polisi, dada!"

Walikwenda, yeye na binti, barua mkobani. Wawili kati ya wale mabinti watatu walioandika barua walikubali kutoa ushahidi, na mkuu akafungwa.

Ofisini kikaitishwa kikao cha mshangao. "Lakini si alikuwa na mke?" afisa utumishi aliuliza, na wengi wakatikisa vichwa. Kisha wakamhamishia Mama Fomu stoo ya karatasi kwa kosa la kuruka ngazi za uongozi.

Alikwenda na mto wake wa kiti. Binti alipomaliza mafunzo alipita kumuaga.

"Asante, mama."

"Usinishukuru," akajibu. "Nilichelewa barua tatu."