Nimeandika "Mbari" na haifutiki

Jamani, leo nimeyakoroga!

Mnanijua, kompyuta za Makambako zikisikia nakohoa zinawaka zenyewe.

Leo bosi kaniagiza niongeze aina mpya ya ruhusa kwenye mfumo wa watumiaji, tuiendeshe seva ya Njombe tukiwa huku huku.

Onyo likatokea: ukishaongeza, haifutiki milele.
Nikabonyeza, kifua mbele.

Kumbe badala ya "Wasimamizi wa Mbali" nimeandika "Wasimamizi wa Mbari". Ulimi wetu wa Kibena huo, r na l kwake ni ndugu!

Bosi kapiga: "Mzee, mbari gani hiyo, ukoo gani umeukabidhi seva yangu?"
"Wa kwako, bosi."

Kakata simu. Yuko njiani kutoka Njombe. Kibarua kinaota nyasi hivi hivi.

Nimsubiri, au nikimbilie milimani Ipelele?